Maisha ya William Herschel, Mtengeneza Darubini

Wasomaji wetu wengi wamesikia kwamba katika zama hizi wenye ilimu ya falaki wameweza kuziona sayari zingali changa, zikiwa ndani ya vumbi lile lile linaloziumba. Mwaka 2018 ilitolewa picha iliyopigwa kwa darubini kubwa iliyoko Chile, na ndani yake ikaonekana sayari iliyo katika kuumbika, nayo imepewa jina la PDS 70 b. Nyota yake iko mbali nasi kiasi cha miaka 370 ya nuru. Mwaka wa nuru ni masafa yanayokatwa na nuru kwa mwaka mzima, na nuru hukata kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde moja tu.

Baadhi ya watu huipokea khabari kama hii kwa kuikanusha, wakasema ni uzushi mtupu. Wengine huimeza nzima nzima bila ya kuuliza imejulikana vipi. Njia zote mbili hatuziridhii. Mwenye akili huuliza: ni chombo gani kilichotumiwa, ni nani aliyekifikiri, na kilikuwa vipi kabla ya kuwa hivi kilivyo leo? Jawabu ya maswali hayo inaturudisha nyuma zaidi ya miaka 200, kwa mtu aliyeitwa William Herschel. Mtu huyu hakusoma katika chuo kikuu chochote. Kazi yake ilikuwa ni kupiga zumari na kinanda.

Kabla hatujaingia katika maisha yake twapenda kutenga mambo mawili ambayo katika miji yetu huchanganywa. Ilimu ya falaki si ramli wala si kutazamia watu nyota zao ili wajue bakhti zao. Falaki ni kuzitazama nyota zilivyo, kuupima mwendo wao, na kuandika yaliyoonekana ili mwingine ayahakikishe. Ndivyo alivyofanya Abdur-Rahman al-Sufi, ambaye kiasi cha mwaka 964 alikiandika kitabu chake cha nyota, akakitaja ndani yake kijiwingu kidogo ambacho leo twajua kuwa ni kundi kubwa mno la nyota liitwalo Andromeda. Na ndivyo alivyofanya Ibn al-Haytham, aliyefariki kiasi cha mwaka 1040, alipoieleza nuru na vioo kwa majaribio. Lakini mabwana hao hawakuwa na darubini, kwani chombo hicho kilijulikana Uholanzi mwaka 1608.

Kuzaliwa kwake na ujana wake

Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 katika mji wa Hanover, Ujerumani. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga zumari katika bendi ya askari. Hakuwa na mali, lakini alikuwa na hamu ya ilimu, akawafunza watoto wake muziki, na usiku wa baridi usio na mawingu akimtoa binti yake mdogo, Caroline, njiani kumwonyesha nyota. William alipofikia umri wa miaka 14 aliingia katika bendi ile ile ya baba yake.

Mwaka 1757 vita vilifika kwao. Wafaransa walilishinda jeshi la upande wa Hanover katika mapigano ya Hastenbeck, na kijana yule, pamoja na nduguye Jacob, akaondoka kwenda Uingereza. Wakati ule nchi mbili hizi zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Alifika huko hali ya kuwa hana kitu, akawa akinakili karatasi za muziki ili apate chakula. Kwa muda wa miaka mingi alizunguka miji ya kaskazini akifundisha na kupiga muziki, mpaka mwaka 1766 alipopata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa moja la mji wa Bath. Hapo maisha yake yalitulia. Alikuwa na wanafunzi wengi, na pato lake lilikuwa jema.

Mwaka 1772 alikwenda Hanover kumchukua dada yake Caroline, aliyekuwa na umri wa miaka 22. Bibi huyu katika utoto wake alipatwa na ndui iliyomwacha na makovu, kisha akapatwa na homa kali iliyokatisha kukua kwake, hata kimo chake hakikupita sana futi 4. Mama yake hakutaka asome, aliona yamtosha kufua na kushona soksi. Walikata shauri kwamba hapana mtu atakayemwoa, na kwamba atakuwa mtumishi wa nyumba mpaka kufa kwake. Tumelitaja jambo hili kwa makusudi, kwani msomaji ataona mbele ni kitu gani ulimwengu ungalikikosa lau bibi yule angaliachwa jikoni.

Jinsi alivyoingia katika kutengeneza darubini

Herschel alipenda kujua asili ya kila jambo. Kwa kusoma kitabu cha Robert Smith juu ya ilimu ya sauti, alikitafuta kitabu kingine cha mtungaji huyo huyo juu ya nuru na darubini. Mwaka 1773 alinunua vitabu vya falaki, akawa akenda navyo kitandani. Kisha akataka kuyaona kwa macho yake aliyoyasoma.

Hapo alikutana na kizuizi. Darubini za zama zile zilikuwa za namna mbili: zile za lenzi, ambazo nuru hupita ndani ya kioo, na zile za kioo cha kurudisha nuru, ambazo nuru hupiga juu ya kioo kilichobonyea kidogo na kukusanyika mahali pamoja. Lenzi kubwa zilikuwa hazipatikani, na zile ndefu zilikuwa na taabu kubwa kuziendesha. Kioo kikubwa cha kurudisha nuru nacho kilikuwa na bei asiyoiweza mpiga kinanda. Basi akaazimia kukitengeneza kwa mkono wake. Palikuwa na mtu hapo Bath aliyekuwa akisugua vioo kwa kujipumbaza, naye alitaka kuiacha kazi hiyo. Herschel akavinunua vyombo vyake vyote.

Vioo vile havikuwa vya kigae kama vioo vya kujitazamia vya majumbani mwetu. Vilikuwa vya madini, shaba nyekundu ikichanganywa na bati, ikayeyushwa na kusubiwa katika kalibu. Mchanganyiko huo ukisuguliwa hung'ara sana, lakini ni mgumu, huvunjika upesi, na hewa yenye unyevu huufifiza. Kisha kazi yenyewe ndiyo inaanza, kwani uso wa kioo lazima ubonyee kwa kadiri maalumu kila mahali. Kosa la sehemu moja tu katika mia kadhaa za unene wa unywele latosha kuiharibu sura ya nyota.

Nyumba yao ikageuka karakana. Seremala alikuwa akitengeneza bomba la darubini katika chumba cha wageni, na katika chumba cha kulala paliwekwa kerezo. Bibi Caroline, aliyekuja Bath kujifunza kuimba, alijikuta akishika ufagio wa kuondoa machicha ya mbao. Herschel alipokuwa akikisugua kioo hakuweza kuuondoa mkono wake, kwani kioo kikiachwa kati ya kazi uso wake huharibika. Mara moja alikaa juu ya kioo kimoja kwa muda wa saa 16 bila ya kuinua mikono, na dada yake akawa akimtia tonge kinywani. Ili asichoke alimsomea vitabu, na miongoni mwa alivyomsomea ni Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo wazee wetu wa pwani wanazijua vyema.

Tarehe 1 Machi 1774 alianza daftari lake la kuandika aliyoyaona. Usiku huo aliitazama duara ya Zohali, na akalitazama lile wingu la nuru lililoko katika kundi la nyota la Orion. Msomaji naye anaweza kulitazama. Katika miezi ya Disemba mpaka Machi, usiku, hutokea juu ya pwani yetu nyota tatu zilizo safu moja, nazo hupita karibu na utosi. Upande wa kusini wa safu hiyo pana nyota ndogo ndogo, na moja kati yake haionekani nyota safi bali ni kama imefunikwa na moshi. Hilo ndilo wingu lenyewe. Tutarudi kulitaja.

Sayari mpya, na khatari ya tanuri

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa katika bustani ya nyumba yake hapo Bath, Herschel alikuwa akizipima nyota moja baada ya moja kwa darubini aliyoifanya mwenyewe, yenye urefu wa futi 7 na kioo cha upana wa inchi 6 na zaidi kidogo. Akaona nyota moja ambayo haikuwa nukta bali ilikuwa na uso wa mviringo kama sahani ndogo. Baada ya siku chache akaona imehama mahali pake. Yeye alidhani ni nyota ya mkia. Wajuzi wa hisabu walipoupima mwendo wake waliona kwamba ni sayari, iliyoko mbali na jua mara 19 kuliko ardhi, nayo hulizunguka jua kwa miaka 84. Tangu zamani za kale watu walizijua sayari tano tu za kuonekana kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Hii ndiyo ya kwanza kuvumbuliwa kwa darubini, nayo leo inaitwa Uranus.

Watu wengine walikwisha kuiona nyota ile kabla yake wakaiandika kuwa ni nyota kama nyota nyingine, kwa sababu darubini zao hazikuionyesha kuwa na uso. Herschel aliijua kwa sababu ya ubora wa kioo chake, na kwa sababu jicho lake lilikwisha kuzoezwa. Haikuwa bakhti.

Mwaka ule ule wa 1781 alitaka kufanya kioo cha upana wa futi 3, na hapana kiwanda kilichokubali kukisubu. Akajenga tanuri katika chumba cha chini ya nyumba yake. Kalibu ilifanywa kwa udongo na samadi ya farasi iliyotwangwa, na kazi ya kutwanga ilikuwa ya bibi Caroline na nduguye Alexander. Kioo cha kwanza kilipasuka kilipopoa. Mara ya pili tanuri ilivuja, madini ya moto yakatapakaa juu ya sakafu ya mawe, na mawe yakaanza kupasuka na kuruka mpaka kwenye dari. Herschel na wasubu wake wakatimka mbio, naye akaanguka juu ya chungu ya matofali kwa joto na uchovu. Hapana aliyeuawa, na kioo hakikupatikana. Aliliacha jambo lile kwa muda, lakini hakuiacha nia yake.

Kazi ya usiku na usiku

Mwaka 1782 Mfalme George wa Tatu alimpa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka, ili aache muziki na kushughulikia falaki. Fedha hizo zilikuwa pungufu ya aliyokuwa akiyapata kwa muziki, naye alizikubali. Akahamia karibu na Windsor, na mwishowe katika mji wa Slough mwaka 1786. Kilichopungua alikitafuta kwa kuuza darubini. Alitengeneza vioo zaidi ya 400, na wafalme wa Ulaya walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake.

Mwaka 1783 aliimaliza darubini ya futi 20, yenye kioo cha inchi karibu 19, na hii ndiyo iliyomfaa kuliko zote. Namna ya kazi yake ilikuwa hivi. Darubini iliwekwa ikielekea upande mmoja, na mbingu zikawa zinapita mbele yake kwa mzunguko wa ardhi. Yeye alisimama juu ya ngazi gizani, akitoa sauti kueleza kila alichokiona. Caroline alikaa ndani ya dirisha, mbele yake mna saa, mshumaa na karatasi, akiandika wakati na mahali pa kila kitu. Sababu ya kugawana kazi hivyo ni kwamba jicho la mwenye kutazama likiona taa mara moja, hupotewa na uwezo wa kuona vitu hafifu kwa muda mrefu. Usiku wa mwisho wa mwaka 1783, katika theluji, Caroline aliteleza akaangukia kulabu ya chuma iliyomwingia juu ya goti. Aliondolewa hapo na sehemu ya nyama yake ikabakia katika kulabu. Alipopona alirejea kazini.

Kwa namna hii, kwa muda wa miaka 20, waliorodhesha vijiwingu na makundi ya nyota 2,500. Kabla yao, orodha mashuhuri ya Charles Messier wa Ufaransa ilikuwa na 103 tu. Caroline mwenyewe alivumbua nyota za mkia 8, na mwaka 1787 mfalme akampa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka kwa kazi yake. Yule aliyekatiwa shauri la kushona soksi akawa anapokea mshahara wa falaki kutoka kwa mfalme.

Darubini ya futi 40

Herschel alifahamu jambo ambalo wengi wa zama zake hawakulifahamu. Watu walidhani ubora wa darubini ni katika kukuza. Yeye aliona ubora wake ni katika kukusanya nuru, kwani kitu kilicho mbali mno hakikosekani kwa udogo wake tu, bali kwa uhafifu wa nuru inayotufikia. Kioo kikiongezwa upana mara mbili, nuru inayokusanywa huzidi mara nne. Tena aliona kwamba kila kioo cha madini hupoteza sehemu kubwa ya nuru inayokipiga, na darubini za namna yake zilikuwa na vioo viwili. Basi akakiondoa kile kioo cha pili, akakiinamisha kidogo kile kikubwa, akawa anatazama kutoka kwenye mdomo wa bomba. Huku ndiko kutengeneza chombo kwa hisabu wala si kwa mazoea.

Kwa fikira hizo alimwomba mfalme fedha za kufanya darubini isiyopata kuonekana. Akapewa pauni 2,000, kisha 2,000 nyingine, pamoja na pauni 200 kwa mwaka za matengenezo. Kazi ilianza mwaka 1785 ikaisha mwaka 1789. Bomba lake lilikuwa la chuma, urefu wa futi 40, na kioo chake kilikuwa cha upana wa futi 4, uzito wake karibu na tani moja. Kabla halijasimamishwa, watu walikuwa wakipita ndani ya bomba kwa miguu, na mfalme mwenyewe alipita. Mwaka ule wa 1789 Herschel aliiona miezi miwili ya Zohali isiyokuwa ikijulikana, Enceladus na Mimas.

Lakini haki lazima isemwe. Darubini ile kubwa haikufanya kazi iliyotarajiwa. Kioo kilikuwa kizito hata kikilegea kwa uzito wake mwenyewe, kilififia upesi kwa unyevu wa Uingereza, na kukisugua tena kulikuwa kazi ya watu wengi. Wageni walikuja kwa wingi kuistaajabia, na usiku mzuri unaofaa kwa chombo kikubwa kama kile ulikuwa nadra. Mwenyewe Herschel alipotaka kufanya kazi aliirudia ile ya futi 20. Tumeyaeleza haya kwa sababu watu hupenda kuukisia ubora wa kitu kwa ukubwa wake, iwe ni darubini au ni jengo la madrasa.

Alipoiacha rai yake

Sasa tumefikia jambo ambalo kwetu sisi ndilo kubwa zaidi katika maisha yake. Kwa kuwa darubini zake zilikuwa zimevigawa vijiwingu vingi vikaonekana kuwa ni nyota zilizosongamana, Herschel alishikilia kwamba vijiwingu vyote ni nyota zilizo mbali, na kwamba kikubwa ni kupata darubini ya kutosha. Juu ya rai hii alijenga vitabu vyake, na kwa ajili yake aliomba fedha za mfalme.

Tarehe 13 Novemba 1790 aliona nyota moja iliyo katikati ya mviringo wa nuru hafifu. Nyota ilikuwa nyota moja, na nuru iliyoizunguka ilikuwa sawa pande zote. Akafikiri: ikiwa nuru hii ni ya nyota nyingine zilizo mbali, basi ile ya katikati lazima iwe kubwa kupita kiasi, na ikiwa ile ya katikati ni nyota kama nyota nyingine, basi nuru inayoizunguka si ya nyota, bali ni ya kitu chepesi kama moshi unaong'aa. Akaichagua rai ya pili, na mwaka 1791 akaitangaza mbele ya wanachuoni, ingawa ilikuwa inaivunja ile rai yake aliyojulikana kwayo. Hakutafuta hila ya kuyapatanisha mambo mawili yasiyopatana. Wangapi tunaowajua ambao wamesema neno wakiwa vijana, na kwa sababu tu wamelisema wakakaa nalo mpaka uzee, hata baada ya dalili kusimama mbele yao?

Kutoka hapo fikira zake zilikwenda mbali. Katika maandishi yake ya mwaka 1811 na 1814 alivipanga vijiwingu kwa daraja, kuanzia vile vilivyotapakaa bila ya umbo, mpaka vilivyojikusanya kati, mpaka vilivyokaribia kuwa nyota. Akasema kuwa huku ni kukua kwa kitu kimoja, kinachojikusanya kwa mvuto wake kwa muda mrefu mno. Kwa kuwa umri wa mtu hautoshi kukiona kijiwingu kimoja kikigeuka, alitoa mfano wa bustani. Mwenye kuingia bustanini kwa saa moja hawezi kuuona mti ukikua, lakini ataona mbegu inayochipua, na mche, na mti wenye maua, na uliokauka, naye ataijua khabari ya mti mzima. Katika Ufaransa, Laplace alikwisha kuandika mwaka 1796 kwamba jua na sayari zake vimetokana na wingu moja lililokuwa likizunguka, na mwaka 1802 watu hawa wawili walikutana Paris. Herschel alizungumza juu ya nyota, na Laplace juu ya sayari, na ilimu ya leo imezikusanya fikira hizo mbili.

Insafu inatutaka tuseme pia alipokosea. Ile nyota ya mwaka 1790 haikuwa nyota inayozaliwa. Leo twajua kwamba nyota za namna ile ziko mwisho wa umri wao, zinaitupa hewa yao nje. Aliamini vile vile kwamba mwezi una wakaazi, na hata jua lina wakaazi chini ya moto wake, na hayo hayakuwa na dalili. Mtu akiwa imamu katika fani yake hatufuati kila neno lake. Twachukua lililosimama kwa ushahidi, na lisilosimama twaliacha, na heshima yake inabaki.

Nuru isiyoonekana

Mwaka 1800, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alifanya jaribio dogo la mezani lililozidi manufaa ya lile bomba la futi 40. Katika kulitazama jua kwa vioo vya rangi aliona kwamba baadhi ya rangi hupitisha joto jingi na nuru chache. Akaipitisha nuru ya jua ndani ya kioo cha pembe tatu, ikatawanyika rangi zake, akaweka kipimajoto katika kila rangi. Joto lilizidi kadiri alivyokaribia nyekundu. Kisha akakiweka kipimajoto nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote, na joto likapanda zaidi. Akajua kwamba iko nuru ambayo macho yetu hayakupewa uwezo wa kuiona. Siku hizi nuru hiyo inaitwa infraredi.

Hapa ndipo inapounganika khabari yetu na zile sayari changa. Sayari huumbika ndani ya duara la vumbi na hewa linaloizunguka nyota changa. Vumbi huizuia nuru ya kawaida, lakini nuru hii ya joto huipenya kwa wepesi zaidi, na lile vumbi lenyewe, na sayari iliyo bado moto, hutoa nuru ya namna hiyo. Mwaka 1983 chombo cha angani kilichokuwa kikipima infraredi kiligundua vumbi linalozizunguka nyota kama Vega. Mwaka 2009 nchi za Ulaya zilirusha darubini ya infraredi yenye kioo cha mita 3.5, na vipimaji vyake vilipozwa kwa heliamu ili joto lake mwenyewe lisiifunike nuru inayotafutwa. Ilifanya kazi mpaka mwaka 2013, ikaona mvuke wa maji katika duara la nyota changa iitwayo TW Hydrae. Darubini hiyo waliipa jina la Herschel.

Ile iliyoiona PDS 70 b ina kioo cha mita 8.2, kinachokusanya nuru zaidi ya mara 40 kuliko kioo cha futi 4. Lakini ukubwa peke yake haukutosha. Imewekewa kioo kingine chembamba kinachobadilishwa umbo mara nyingi kila sekunde ili kuusawazisha mtikisiko wa hewa, na kizuizi cha kuifunika nuru ya nyota, kwa namna aliyoianzisha Mfaransa Bernard Lyot katika miaka ya 1930 kwa ajili ya kulitazama jua. Na lile wingu la Orion alilolitazama Herschel mwaka 1774, darubini ya Hubble katika miaka ya 1990 ilionyesha ndani yake nyota changa nyingi, kila moja na duara lake la vumbi. Alikuwa akiitazama bustani yenyewe hali ya kuwa haijui miche iliyomo ndani yake.

Kufa kwake

Herschel alioa mwaka 1788, akapata mtoto mmoja, John, aliyezaliwa mwaka 1792. Kijana huyu alimrithi baba yake, na mwaka 1834 aliichukua darubini ya futi 20 mpaka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu hili, akaiorodhesha mbingu ya kusini kwa muda wa miaka minne. Baba mtu alifariki Slough tarehe 25 Agosti 1822, na umri wake ulikuwa miaka 83. Ile sayari aliyoivumbua ilikuwa haijalizunguka jua hata nusu ya mzunguko tangu alipoiona.

Bibi Caroline alirejea Hanover, akaendelea kuipanga orodha ya vijiwingu vyote ili mpwa wake aitumie. Mwaka 1828 jumuiya ya wanafalaki wa London ilimpa nishani ya dhahabu kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 1848 akiwa na umri wa miaka 97.

Twawaachia wasomaji wetu wayapime wenyewe haya tuliyoyaeleza. Twaongeza neno moja tu kwa wazazi. Katika nyumba zetu mna vijana wanaopenda kufungua saa na redio kutaka kujua ndani yake mna nini, na mna mabinti wenye akili kali waliokwisha kukatiwa shauri kwamba jiko lawatosha. Msiwazuie. Wanunulieni vitabu, na wakikuulizeni jambo msilolijua, tafuteni jawabu pamoja nao.